Ackman, Icahn na hisa za Herbalife: mambo ninayowaambia vijana wapya kwenye kazi ya hisa

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi ya kuchambua makampuni, na nyie pia mnaonunua hisa za Marekani kwa simu huko mliko, naomba mnivumilie nitaandika kwa urefu kidogo. Kila kikundi kipya kinachoingia ofisini kwetu kinakuja na swali lile lile, bilionea fulani kasema kampuni fulani ni ya kitapeli, je tuuze? Au bilionea fulani kanunua, je na sisi tununue? Mi huwa sijibu hapo hapo, nawapa kesi moja wakaisome, kesi ya Herbalife, ile vita ya mabilionea wawili wa Marekani, Bill Ackman na Carl Icahn, iliyoanza mwisho wa 2012 ikaenda mpaka 2018. Ninachotaka mtoke nacho ni kimoja tu: kuujua ukweli wa kampuni ni kazi moja, kupata hela kwenye hisa yake ni kazi nyingine kabisa, na watu wenye akili nyingi na mabilioni mengi wameumia kwa kudhani ni kazi moja.

Nianze na kampuni yenyewe maana vijana wengi wanaruka hapo wanakimbilia chati. Herbalife ilianzishwa Los Angeles mwaka 1980 na kijana anaitwa Mark Hughes, ambaye alifariki 2000. Wanauza unga wa kukoroga unywe badala ya mlo, yaani shake, wanauita Formula 1, wanauza pia chai, vidonge vya virutubisho na kadhalika. Na mzigo wao kwa miaka yote umepita kwenye biashara ya mtandao, ile mnayoijua wote, unajiunga, unanunua mzigo, unauza, halafu unaingiza watu chini yako, wao wakinunua wewe unapata kamisheni, aliye juu yako anapata, na aliye juu yake naye anapata. Huku kwetu hiyo haihitaji maelezo marefu, kila mtu ana shangazi au rafiki wa chuo aliyewahi kumwalika semina hotelini, na Watanzania tunaikumbuka DECI ya 2009, watu walipanda mbegu wakaambiwa watavuna na wengi hawakuvuna kitu.

Lakini tofauti ipo na lazima muione. DECI ilikuwa hela juu ya hela, hakuna bidhaa. Herbalife ina bidhaa ya kweli na imeorodheshwa soko la New York tangu 2004. Kwa hiyo swali la kisheria kule Marekani sio kama bidhaa ipo au haipo, swali ni hela ya kamisheni inatoka wapi, inatoka kwa mtu wa nje ambaye anataka tu kunywa ule unga au inatoka kwa wanachama wapya wanaonunua mzigo ili wapande daraja? Ikiwa ya pili ndo inayobeba biashara, basi ni upatu hata kama makopo yamejaa stoo. Ukitaka kujibu hilo unahitaji deta ya mauzo ya mwisho, na kwa miaka mingi kampuni haikuwa na kumbukumbu nzuri za nani hasa anakula kile kitu. Hapo ndo ugomvi wote ulipoota.

Ishara ya kwanza kubwa ilitoka Mei 2012, kabla hata ya Ackman kuonekana. David Einhorn, naye ana mfuko mkubwa wa uwekezaji, alipiga simu kwenye kikao cha kampuni cha kutangaza matokeo ya robo mwaka akauliza maswali machache tu, kwa utulivu, asilimia ngapi ya mauzo inaenda nje ya mtandao wenu. Hisa ilishuka kama asilimia 20 siku ile. Hakusema ni matapeli, hakusema chochote, aliuliza tu na jina lake likatosha.

Sasa Ackman. Huyu ni mtu wa Harvard, mfuko wake unaitwa Pershing Square, na mwaka 2012 alikuwa na sababu za kujiamini. Miaka kumi kabla alikuwa ameanza kuipinga MBIA, kampuni ya kudhamini hatifungani, akisema daraja lake la juu la mkopo haliwezi kuwa la kweli, watu wakamcheka, wasimamizi wa serikali wakamchunguza yeye, halafu 2008 ilipofika MBIA ikaporomoka na akavuna zaidi ya dola bilioni 1. Kwa hiyo alijua uchungu wa kusubiri na alijua kusubiri kunalipa. Ninaamini hilo ndo lililomponza. Ukishashinda mara moja kwa kukaza shingo miaka mitano unaanza kuona kukaza shingo ndo kanuni yenyewe.

Desemba 20, 2012 akapanda jukwaani New York na slaidi zaidi ya 300, akaongea kama saa tatu hivi, akasema Herbalife ni upatu na bei sahihi ya hisa yake ni sifuri. Hisa iliyokuwa kama dola 42 siku mbili kabla, ikafika kama 26 kabla ya Krismasi. Na akatangaza wazi kwamba ameshoti hisa zaidi ya milioni 20, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.

Hapa nasimama kidogo kwa wale wageni kabisa, maana kushoti wengi mnakusikia tu. Chukua hivi, jirani ana gunia la mchele, unamuazima, unaliuza leo sokoni laki mbili, ukiamini mwezi ujao mchele utashuka, utanunua gunia kwa laki moja, utamrudishia jirani gunia lake na laki moja inabaki kwako. Sawa. Sasa mchele ukipanda ukafika laki nne? Gunia la jirani bado unadaiwa, na hakuna anayekuambia mchele utaishia laki nne. Ukinunua hisa kwa kawaida, kibaya zaidi ni upoteze ulichoweka. Ukishoti, faida yako ina kikomo, hisa haiwezi kushuka chini ya sifuri, ila hasara haina kikomo. Na wakati unasubiri unalipia ada ya kuazima, na kampuni ikitoa gawio unalilipa wewe kwa mwenye hisa. Herbalife wakati ule ilikuwa inatoa gawio kila robo mwaka. Yaani jamaa alikuwa anawalipa wenye hisa gawio la kampuni aliyoiita upatu, kila robo, ili aendelee kuipinga.

Nasema haya kwa sababu najua wengi wenu mnashoti bila kujiona mnashoti. Kwenye zile app za forex zenye CFD, yaani mikataba ya kubashiri bei bila kumiliki hisa yenyewe, unabonyeza tu "sell" kwenye jina la kampuni ya Marekani, na mkopo juu, na hakuna anayekueleza kwamba umeingia kwenye dili ambalo hata bilionea mwenye mawakili na watafiti lilimtoa jasho.

Turudi. Kosa ambalo mi naliona ni kubwa kuliko yote kwenye ile siku ya Desemba halikuwa kwenye uchambuzi. Uchambuzi ulikuwa mzuri, nimeusoma na bado nawapa vijana wausome. Kosa ni kwamba alisema ukubwa wa dau lake mbele ya dunia. Sheria ya Marekani inamtaka anayenunua zaidi ya asilimia 5 ya kampuni kwa nia ya kuisukuma ajaze fomu, 13D, lakini anayeshoti halazimiki kutangaza hivyo. Ackman alitangaza kwa hiari. Kuanzia dakika ile kila mtu mwenye hela New York alijua kuna mtu mmoja ana deni la hisa zaidi ya milioni 20 na siku moja lazima azinunue zirudi. Kampuni ndogo kiasi kile, hisa zenyewe zilikuwa kama milioni 100 na kitu tu. Kwa hiyo kama wewe una hela na huna huruma unafanya nini? Unanunua, unazikalia, unasubiri apumue kwa shida.

Wa kwanza alikuwa Dan Loeb wa mfuko wa Third Point, ambaye Januari 2013 alitangaza ana zaidi ya asilimia 8. Alipanda nayo, baada ya miezi michache akauza akaondoka na faida yake. Zingatieni, Loeb hakuoa ile hisa. Alisema sababu zake, aliingia, alitoka. Watu waliosoma barua yake kwa wawekezaji wakanunua wakabaki wanasubiri barua ya pili.

Wa pili ni Carl Icahn, na huyu ndo vita yenyewe. Icahn kazaliwa 1936, kakulia Queens, ni mmoja wa wale wavamizi wa makampuni wa miaka ya 80, shirika la ndege la TWA alichukua yeye. Na kati yake na Ackman kulikuwa na kisa cha zamani ambacho ukikiruka hutaelewa kilichofuata. Mwaka 2003 Ackman alikuwa anafunga mfuko wake wa kwanza, Gotham Partners, ana shida, anahitaji kuuza. Akamuuzia Icahn hisa za kampuni ya majengo inaitwa Hallwood Realty kwa dola 80 moja, na kwa kuwa alihofia Icahn ataziuza ghali mara moja, wakaandikiana kwamba Icahn akiuza ndani ya miaka mitatu kwa faida inayozidi asilimia 10 watagawana ziada. Mwaka 2004 Hallwood ikaunganishwa na kampuni nyingine kwa zaidi ya dola 130 kwa hisa. Ackman akadai chake. Icahn akasema mi sijauza, kampuni imeunganishwa, mkataba unasema kuuza. Wakaenda mahakamani mpaka 2011, Icahn akalipa kama dola milioni 9. Milioni 9 kwa mtu mwenye mabilioni ni hela ya kawaida tu jamani, ila miaka saba ya kesi haiishi moyoni kwa kulipa.

Basi Januari 25, 2013, mchana, soko liko wazi, CNBC, televisheni ya habari za biashara, wakawaunganisha wote wawili kwa simu hewani. Ilikuwa karibu nusu saa. Icahn alimwita Ackman mtoto mlialia wa uwanja wa shule, akasema hampendi, akasema hii hisa inaweza kuwa mama wa skwizi zote. Skwizi ndo ile hali walioshoti wanapolazimika kununua wote kwa pamoja wakati wauzaji hawapo, bei inapanda, kupanda kunawalazimisha wengine wanunue, inapanda tena. Inasemwa madalali wa soko la New York waliacha kazi wakakaa kuangalia ile televisheni. Wiki chache baadaye, Februari, Icahn akatangaza ana karibu asilimia 13 ya Herbalife, na akaendelea kuongeza miaka iliyofuata mpaka akapita robo ya kampuni.

Huwa nawauliza vijana, Icahn alinunua kwa sababu alizipenda zile shake? Wengine wanasema alinunua ili amkomoe mwenzake tu. Mi nadhani aliona vyote viwili kwa pamoja, kampuni inayotengeneza hela taslimu nyingi na mtu aliyejifunga mwenyewe kwenye kona. Chuki ilimfanya aangalie, hesabu zikamfanya anunue. Na wewe ulie nje huna namna ya kujua ni asilimia ngapi chuki na ngapi hesabu, ndo maana nasema jina la bilionea kwenye fomu sio sababu ya kununua. Lile dau linaweza kuwa na maana kwake ambayo kwako haipo kabisa.

Mwaka 2013 ulikuwa mgumu sana kwa Ackman. Aprili, wakaguzi wa hesabu, KPMG, walijiondoa kwa sababu mshirika wao mmoja wa Los Angeles alikuwa anavujisha siri za wateja kwa rafiki yake anayecheza hisa, na mwanzoni wapinzani wa kampuni walipata matumaini kwamba huenda vitabu vina shida. Wakaguzi wengine, PwC, wakapewa kazi ya kukagua upya miaka kadhaa, Desemba wakamaliza, vitabu safi. Hisa ikafunga mwaka karibu dola 79. Kutoka 26 mpaka 79 kwa mwaka mmoja! Mapema 2014 kampuni ikakopa zaidi ya dola bilioni 1 na sehemu kubwa ikaenda kununua hisa zake yenyewe sokoni, ambayo inapunguza hisa zinazozunguka na kumbana zaidi aliyeshoti. Hii kitu muiandike mahali: ukiishoti kampuni yenye hela taslimu, kampuni yenyewe inaweza kuwa mpinzani wako mkubwa kuliko bilionea yeyote.

Oktoba 2013 Ackman alifunga kama asilimia 40 ya shoti yake akaweka opsheni za kuuza, wenyewe wanaziita puti, yaani unalipia haki ya kuuza hisa kwa bei mliyopanga mpaka tarehe fulani. Faida yake ni kwamba kwenye puti hasara yako inaishia kwenye ulicholipa, hubanwi na skwizi. Ubaya wake ni tarehe. Puti inakufa siku yake ikifika, hata kama ukweli wako utathibitika wiki inayofuata. Kwa hiyo alibadilisha tatizo la bei likawa tatizo la muda. Kipindi hicho hicho alisema ataifuata hii ishu mpaka mwisho wa dunia, na toka mwanzo alikuwa ameahidi faida yake binafsi itaenda kwenye hisani. Naamini alimaanisha, ninamheshimu kwa hilo. Lakini ukishaliweka dau lako kuwa jambo la haki na batili mbele ya watu, siku ukweli wa soko unakuambia punguza utapunguzaje? Kila anayekuangalia atasema umesalimu amri.

Machi 2014 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikafungua uchunguzi rasmi wa Herbalife, hisa ikashuka. Julai Ackman akakutana jukwaani na Icahn kwenye mkutano mmoja wa wawekezaji, wakakumbatiana, watu wakapiga makofi. Siku chache baadaye, Julai 22, Ackman akafanya prezentesheni nyingine ndefu kuhusu zile klabu za lishe, akiwa ameitangaza kama pigo la mwisho. Akatoa machozi akizungumzia familia yake iliyohamia Marekani ikapewa nafasi. Hisa ilipanda asilimia 25 siku ile ile. Sababu? Soko lilitegemea siri mpya kubwa, likapata maelezo marefu ya kitu ambacho tayari lilikuwa linakijua. Bei haiendi kwa ukubwa wa ubaya, inaenda kwa tofauti kati ya kinachosemwa na kilichotegemewa. Hili wageni wanachelewa sana kulielewa.

Na zile klabu ndo zinaniuma mimi kuliko hela zote za hawa wazee. Klabu ya lishe ni chumba kidogo mtaani, mtu anakodi, anauza glasi za shake na chai, na wengi waliokuwa wanazifungua walikuwa watu wa asili ya Amerika ya Kusini na Meksiko wanaoishi Marekani, baadhi hawana karatasi, wengine hawajui Kiingereza vizuri, wanaahidiwa uhuru wa kifedha. FTC ilipokuja kuandika malalamiko yake mwaka 2016 ilitumia utafiti wa Herbalife wenyewe: mwenye klabu kwa wastani alitumia kama dola 8,500 kufungua na kuendesha, na asilimia 57 walisema hawakupata faida au walipata hasara. Na zaidi ya nusu ya wale wanaoitwa viongozi wa mauzo, kamisheni waliyopata kutoka kampuni mwaka 2014 kwa wastani ilikuwa chini ya dola 300. Kwa mwaka mzima. Nawaomba mnapofungua chati ya Herbalife muikumbuke hiyo namba, maana kwenye chati haionekani.

Julai 15, 2016 uamuzi ukatoka. Herbalife ilipe dola milioni 200 za kuwarudishia watu, na ibadilishe mfumo wote wa biashara Marekani: kamisheni zifuate mauzo yanayothibitika kwa walaji, angalau theluthi mbili ya malipo ya msambazaji yatokane na mauzo ya rejareja yenye kumbukumbu, na asilimia 80 ya mauzo ya kampuni yafike kwa mnunuzi halali la sivyo malipo ya walio juu yanapunguzwa, pamoja na msimamizi wa nje kwa miaka saba. Neno upatu halikuandikwa kama hukumu. Mwenyekiti wa FTC wakati ule, Edith Ramirez, alipoulizwa alisema hawakuamuliwa kwamba si upatu.

Sasa mnaona? Msome malalamiko yale halafu msome slaidi za 2012, yanafanana sana. Ackman kwenye kiini alikuwa na hoja. Serikali ikamthibitishia sehemu kubwa. Na siku ile ile hisa ikapanda, na siku ile ile kampuni ikamruhusu Icahn aongeze umiliki wake mpaka karibu asilimia 35. Soko lilikuwa linaogopa kufungwa kwa kampuni, likapewa malipo ya kurudishia watu na masharti, likafurahi. Mtu kasema bei ni sifuri, na hakuna mamlaka iliyotaka kuifikisha sifuri. Hiyo ndo nafasi kati ya ukweli na hela, na ndo ilimla.

Agosti mwaka huo kuna kitu kingine kilitokea ambacho nakipenda kwa mafunzo. Ackman akasema hewani kwamba benki ya Jefferies ilimtafuta kama anataka kushiriki kununua hisa za Icahn, yaani Icahn alikuwa anatafuta mlango wa kutoka. Icahn akajibu kwa kununua hisa nyingine milioni 2.3. Yule wa nje aliyesikia "Icahn anauza" akauza, na aliyesikia "Icahn ananunua" akanunua, wote walikuwa wanacheza kwenye mchezo wa watu wawili wanaotumiana ujumbe kwa mabilioni.

Novemba 2017 Ackman akafunga shoti yote iliyobaki akabaki na puti, na mwisho wa Februari 2018 akatoka kabisa, hisa ikiwa juu ya dola 90. Wakati huo huo alikuwa na jeraha la Valeant, kampuni ya dawa iliyomla karibu dola bilioni 4, wawekezaji wanamdai hela zao. Icahn alianza kupunguza kwa wingi 2018, na Januari 2021 akaiuzia Herbalife yenyewe hisa za dola milioni 600, faida yake kwa ujumla ikatajwa kupita bilioni 1.

Wengi wanaishia hapo wakisema mzee kashinda. Mi nawaomba msogee mbele kidogo. Agosti 2020 Herbalife ililipa zaidi ya dola milioni 120 kumaliza kesi ya hongo China. Madeni yale ya kununua hisa zake yenyewe yalibaki, mauzo yakapungua, na mwaka 2024 hisa ikawa chini ya dola 10. Mwaka 2018 kila hisa iligawanywa ikawa mbili, kwa hiyo zidisha mara mbili, bado ni chini ya 20, chini ya nusu ya bei aliyoikuta Ackman. Naye Icahn, Mei 2023 watu wa Hindenburg Research, watafiti waliokuwa wanashoti makampuni, walitoa ripoti dhidi ya kampuni yake mwenyewe, Icahn Enterprises, hisa ikaporomoka, gawio likakatwa nusu Agosti ile. Na Ackman, Machi 2020, alikata bima ya dola milioni 27 dhidi ya anguko la korona ikamletea dola bilioni 2.6. Kila mmoja wao amepanda na kushuka na amebaki bilionea. Wao wana nafasi ya kukosea kwa bilioni na kurudi kesho. Ackman baada ya kuona hela za wawekezaji zinavyoweza kukimbia aliegemea zaidi kampuni yake iliyoorodheshwa sokoni mwaka 2014, ambayo mtu akitaka kutoka anauza hisa sokoni, mtaji wenyewe haung'oki. Wewe mtaji wako una ada ya shule Januari na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo ofisini kwetu mtu mpya akiniletea hisa yenye kelele, simuulizi anadhani itapanda au itashuka. Namwambia aniandikie kwa Kiswahili cha kawaida mnunuzi wa mwisho wa bidhaa ni nani na ushahidi uko wapi. Akimaliza hapo, aniambie ni nani hasa mwenye uwezo wa kuisogeza bei, jaji, tume, mkopeshaji, na ana mamlaka ya kufanya nini, kufunga au kutoza faini tu, maana kwa Herbalife hapo ndo jibu lote lilikuwa. Halafu upande wa pili kuna nani, ana hela ya aina gani, anaweza kukaa muda gani. Wengi wanaandika vizuri sana sehemu ya kwanza, kurasa na kurasa, wakifika ya pili wanaandika sentensi moja, "ukweli utajulikana". Narudisha karatasi.

Na fomu zile za 13D na ripoti za kila robo za wenye mifuko mikubwa zisomeni, ni za bure, ziko wazi kwenye tovuti ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani, ila mkumbuke za robo zinatoka mpaka siku 45 baada ya robo kuisha, mwenyewe anaweza kuwa ameshauza. Na hazionyeshi shoti. Unaona mkono mmoja tu wa mtu.

Kwa wale mnaoanza wiki hii, kaanzeni na malalamiko ya FTC ya Julai 2016, hati iko wazi, sio ndefu ya kutisha. Anzeni na zile kurasa za klabu za lishe kabla hamjafungua chati yoyote. Halafu tafuteni taarifa ya Januari 2017, FTC ilipotuma hundi kwa watu karibu 350,000, nyingi kati ya dola 100 na 500, iliyokuwa kubwa kabisa ikipita 9,000 kidogo. Linganisheni na zile dola 8,500 za kufungua klabu, mje na hesabu yenu ya nani alirudishiwa kiasi gani cha alichopoteza, tutaanzia hapo.